Jagi na Beseni la Kunawia la Kifaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nyumbani kwangu, juu ya meza ya marumaru, limesimama jagi la udongo mweupe ndani ya beseni lake. Vyote viwili vina maua ya buluu, na vilitengenezwa Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kila mgeni akiingia huuliza ni vya kazi gani. Na tangu watu wajue kwamba ninavikusanya vyombo hivi, picha za majagi na mabeseni haziishi kwenye simu yangu: hiki ni cha kweli? Hili doa litatoka? Ninunue?

Hapa nimejibu yale yanayojirudia. Utaona majibu mengi yanarudi kwenye maji. Chombo hiki kiliumbwa kubeba maji, na karibu kila kinachokipata, uzuri wake na maradhi yake, kimeletwa na maji.

Seti hii ilikuwa ya kazi gani hasa?

Ya kunawa na kujisafisha chumbani, kabla mabomba hayajaingia majumbani. Chumba cha kulala cha Ufaransa ya karne ya 19 kilikuwa na meza ndogo, mara nyingi yenye bamba la marumaru juu, kwa sababu mbao huvimba na kuoza zikimwagikiwa maji kila siku. Beseni liliwekwa juu ya meza hiyo, na jagi lililojaa maji likasimamishwa ndani ya beseni. Asubuhi mtu alimimina kiasi anachohitaji, akanawa uso, shingo, kwapa na mikono, kisha akajisugua mwili kwa sponji au kitambaa. Maji machafu yalimwagwa kwenye ndoo iliyokaa chini ya meza.

Beseni halina tundu. Maji yaliyoingia chumbani yalipandishwa ngazi na mtu, na yaliyotoka yaliteremshwa na mtu. Kwenye nyumba za wenye uwezo kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi wa kike. Huko Paris watumishi hao wenyewe walilala kwenye vyumba vidogo vya darini, juu kabisa ya jengo, nao walinawa kwa jagi na beseni la bei nafuu, jeupe lisilo na ua hata moja. Kwa hiyo ukikuta seti nyeupe tupu usiidharau. Huenda ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote ndani ya nyumba.

Ukitaka kuona mahali pake, tazama picha ya chumba cha kulala aliyoichora Vincent van Gogh mjini Arles mwaka 1888. Kwenye meza ndogo ya kona, chini ya kioo, kuna jagi na beseni. Alikuwa mtu maskini, chumba kina kitanda, viti viwili na meza, lakini vyombo vya kunawia vimo.

Seti kamili ina vipande vingapi?

Hakuna idadi moja. Jagi, ambalo Wafaransa huliita broc, na beseni, yaani cuvette, ndivyo moyo wa seti. Vinavyofuatana navyo ni kisahani cha sabuni chenye kichujio cha matundu, kisanduku kirefu chenye mfuniko cha kuwekea miswaki, bakuli la sponji, chungu cha usiku kiitwacho vase de nuit, na wakati mwingine ndoo ya maji machafu yenye mfuniko. Vyote kwa pamoja huitwa garniture de toilette. Yakariri maneno haya ya Kifaransa kama unatafuta mtandaoni au kwenye minada, maana wauzaji wa kule huyatumia hayo.

Chungu cha usiku kina mkono mmoja na ukingo mpana uliolala nje. Nakitaja kwa sababu nimeona kikiuzwa kama bakuli la supu.

Mbona mabeseni ya zamani zaidi ni madogo hivyo?

Kwa sababu watu hawakutumia maji mengi. Katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18, wakubwa wa Ufaransa waliamini kwamba maji, hasa ya moto, hufungua vinyweleo vya ngozi na kuruhusu maradhi kuingia mwilini. Usafi wao ulikuwa wa kubadilisha shati la kitani, kujifuta kwa kitambaa na kunawa uso na mikono tu. Jagi la zama hizo ni dogo, mara nyingi limeumbwa kama kofia ya chuma ya askari iliyopinduliwa, na beseni lake ni la mviringo mrefu, lenye kina kifupi. Nayo mara nyingi haikuwa ya chumbani pekee. Mezani pia mtumishi alimmiminia mgeni maji mikononi, kwani watu walikula kwa vidole.

Karne ya 19 ndiyo iliyobadilisha mambo. Madaktari walianza kuhimiza kuosha mwili, shule zikafundisha usafi, na baada ya kazi za Louis Pasteur habari ya vijidudu ikafika kila mahali. Beseni likapanuka hadi sentimita 35 au 40 na zaidi, na jagi likafika urefu wa sentimita 30 na kubeba lita kadhaa. Ukiyapanga mabeseni matano kwa umri wake, kutoka la zamani hadi jipya, utaona kwa macho jinsi watu walivyoacha kuyaogopa maji.

Ni kauri au ni udongo? Wengine wanasema fayansi.

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, acha nieleze kwa kituo.

Kauri halisi, ile ya China na baadaye ya mji wa Limoges huko Ufaransa, imechomwa kwa moto mkali mno hadi mwili wake wote ukawa kama kioo. Haifyonzi maji, na ukiishika mbele ya taa mwanga unapenya. Seti nyingi za kunawia za Ufaransa si kauri. Ni udongo uliochomwa kwa moto wa chini zaidi, wenye vitundu vidogo ndani yake, uliofunikwa utando wa kioo ili maji yasipenye. Taa haipenyi.

Udongo huo una namna mbili. Ya kwanza ndiyo fayansi ya asili, jina lililotokana na mji wa Faenza huko Italia. Mwili wake ni wa rangi ya manjano au wekundu, na weupe unaouona ni utando tu, uliofanywa mweupe kwa kuchanganya oksidi ya bati. Hii ndiyo ya miji ya Ufaransa kama Rouen, Nevers, Moustiers na Strasbourg. Ilipata bahati kubwa pale mfalme Louis XIV, akitafuta fedha za vita, alipoamuru vyombo vya fedha viyeyushwe, mwaka 1689 na tena 1709. Matajiri wakalazimika kula na kunawa kwenye vyombo vya udongo, na wafinyanzi wakapata wateja ambao hawakuwa nao kabla.

Namna ya pili huitwa faïence fine, fayansi laini. Hapa udongo wenyewe ni mweupe, umechanganywa na jiwe gumegume lililochomwa na kusagwa, na utando wa juu ni angavu, unaona mwili kupitia ndani yake. Ufundi huo ulitoka Uingereza. Mkataba wa biashara wa mwaka 1786 kati ya nchi hizo mbili uliingiza Ufaransa vyombo vya Kiingereza kwa wingi, vyepesi na vya bei nafuu, na viwanda vingi vya fayansi ya asili vikafa. Vilivyosalia viliiga. Seti tisa kati ya kumi ninazotumiwa picha ni za namna hii ya pili.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kutafuta mahali palipomeguka, au ukingo wa kitako usio na utando. Ukiona udongo wa manjano au mwekundu, ni fayansi ya asili. Ukiona mweupe kama chaki, ni laini.

Kwenye kitako pameandikwa "Terre de fer". Kuna chuma ndani?

Hapana. Maana yake ni udongo wa chuma, lakini ni jina la biashara la kusema kwamba chombo ni kigumu. Vivyo hivyo "Porcelaine opaque" si kauri, ni fayansi laini iliyopewa jina la kupendeza. Na neno "Déposé" maana yake ni kwamba umbo au mchoro umesajiliwa usiigwe. Watu kadhaa wameniuliza habari za kiwanda cha Déposé. Hakipo.

Maua haya yalichorwa kwa mkono?

Mara nyingi hapana, na hilo halipunguzi kazi iliyomo. Fundi alichonga mchoro kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari. Bamba likapakwa wino wa madini, likafutwa, likagandamizwa juu ya karatasi nyembamba sana. Karatasi hiyo mbichi ikabandikwa kwenye chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, ikasuguliwa, kisha ikaoshwa ikatoka, wino ukabaki. Ndipo utando wa kioo ukapakwa na chombo kikarudi tanurini. Buluu ilipendwa kwa sababu madini ya kobalti huuvumilia moto bila kufifia.

Karatasi bapa haikai vizuri kwenye tumbo la jagi. Geuza lako taratibu na utafute mahali karatasi mbili zilipokutana: ua litakatwa katikati, jani litakosa bua. Mahali hapo mara nyingi pako chini ya mkono wa jagi, palipofichika. Mimi huanza kutazama hapo kila mara, kwa sababu ndipo unapoiona mikono ya mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza siku yake ya kazi.

Wakati mwingine mchoro ulichapwa kwa rangi moja, kisha wasichana na wanawake wa kiwandani wakajaza rangi nyingine kwa brashi. Ukiona waridi limevuka mstari wake, hiyo ni brashi.

Nitajuaje ilitoka kiwanda gani?

Pindua beseni. Nimesema beseni, si jagi, kwa sababu kitako cha jagi huwa kimelika zaidi. Mhuri unaweza kuwa umechapwa kwa wino au umebonyezwa kwenye udongo ulipokuwa mbichi.

Majina utakayokutana nayo zaidi ni ya Lorraine, kwa kuwa kule kulikuwa na udongo, kuni na baadaye makaa ya mawe. Lunéville ni cha karibu mwaka 1730, kilianzishwa na Jacques Chambrette, na baadaye kikawa cha Keller na Guérin, ndiyo maana ya herufi K na G unazoziona. Longwy kilianza 1798. Badonviller ni cha mwaka 1897, kwa hiyo ukiambiwa beseni la Badonviller ni la enzi za Napoleon, ondoka dukani. Nje ya Lorraine kuna Gien, kando ya mto Loire, kilichoanzishwa 1821 na Mwingereza, na mhuri wake maarufu una ngome yenye minara mitatu. Kuna Creil na Montereau, viwanda viwili vilivyoungana 1840. Kuna Choisy-le-Roi, karibu na Paris, chenye herufi HB za Hippolyte Boulenger. Kiwanda hiki ndicho pia kilichotengeneza vigae vyeupe vya vituo vya treni za chini ya ardhi za Paris, na ukipapasa kigae na beseni utahisi ni ndugu.

Lakini kinachoniteka mimi ni Sarreguemines. Kilianzishwa 1790 na Nicolas-Henri Jacobi pamoja na wenzake, kikayumba, kikainuliwa na Paul Utzschneider aliyekuja kutoka Bavaria. Herufi U na C kwenye mihuri ni zake na kampuni yake. Kiwanda kikakua kuliko vingi barani Ulaya. Halafu ikaja vita ya 1870. Ufaransa ikashindwa, na mwaka 1871 Sarreguemines, pamoja na sehemu hiyo ya Lorraine, ikawa ya Ujerumani. Wateja wake walikuwa Ufaransa, sasa upande wa pili wa mpaka wenye ushuru. Kiwanda kikaanzisha kazi Digoin na Vitry-le-François, ndani ya Ufaransa, ili kiendelee kuuza. Kwa hiyo beseni lenye jina la Digoin na Sarreguemines pamoja limebeba mpaka huo mgongoni mwake. Ninalo moja la namna hiyo. Mjini Sarreguemines kuna jumba la makumbusho la fayansi, ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi mkurugenzi wa kiwanda, na chumba kimoja chake kimefunikwa vigae vya rangi kutoka chini hadi juu. Ukiwa Ulaya, fika.

Angalizo moja: jina kubwa lililoandikwa ndani ya mapambo ya mhuri mara nyingi ni jina la mchoro, si la kiwanda. Jina la kiwanda huwa chini yake, kwa herufi ndogo. Namba zilizobonyezwa ni za ukubwa, za kumbukumbu za kiwandani au za fundi. Usizisome kama mwaka.

Neno "France" kwenye mhuri linasema nini kuhusu umri?

Linasaidia kidogo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo zionyeshe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kuandika. Hivyo mhuri wenye "France", na hasa "Made in France", kwa kawaida ni wa miaka ya 1890 au baadaye. Kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba chombo ni cha zamani zaidi, maana vilivyouzwa ndani ya Ufaransa havikuhitaji neno hilo.

Haina mhuri wowote. Ni bandia?

Si lazima. Vyombo vingi vya bei nafuu havikupigwa mhuri, na vya karne ya 18 mara nyingi havina kabisa. Tazama ushahidi mwingine. Chini ya beseni tafuta vidoa vitatu vidogo visivyo na utando: hapo ndipo vijiguu vya udongo vilishikilia chombo tanurini. Papasa ukingo wa kitako. Uliosuguana na marumaru kwa miaka mingi umelainika bila mpangilio, upande mmoja zaidi ya mwingine. Chini ya mkono wa jagi panapaswa kuwa na uchafu wa zamani usiokubali kutoka.

Kisha chukua kioo cha kukuzia. Mchapo wa bamba la shaba una mistari na nukta za mkono wa mchongaji, zisizolingana. Mchapo wa kisasa ni nukta za rangi zilizopangwa sawasawa kama picha ya gazeti. Seti nyingi mpya zilitengenezwa kwa mapambo tu katika nusu ya pili ya karne ya 20, na nyingine zina mihuri ya kubuni yenye taji na simba, mikubwa na safi kupita kiasi. Uzito pia husema. Jagi lililotengenezwa kwa kazi lina mkono unaoenea vidole vinne vya mtu mzima. La mapambo mara nyingi mkono wake ni mwembamba, na ukilijaza maji utaogopa kuliinua.

Jagi na beseni havifanani sawasawa. Nimedanganywa?

Huenda vimeunganishwa na muuzaji. Jagi hubebwa, hugongwa kwenye ngazi, huteleza kwenye mikono yenye sabuni, hivyo hufa kabla ya beseni. Mabeseni yatima ni mengi, na wauzaji huyatafutia jagi lolote la rangi ya karibu. Linganisha weupe kwenye mwanga wa dirishani, si wa taa. Linganisha mhuri, na ukubwa wa ua lenyewe.

Lakini kumbuka kwamba wenye nyumba nao walifanya hivyo hivyo. Jagi likivunjika, mtu alinunua lingine sokoni lililokaribiana. Jozi ya namna hiyo iliyokaa pamoja nyumba moja kwa miaka themanini, kwangu ni jozi. Ila bei yake isiwe ya seti kamili, na muuzaji aseme wazi.

Ina nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Imeharibika?

Hizo ni za utando wa kioo, si za mwili. Udongo wenye vitundu hunywa unyevu taratibu na kuvimba kidogo sana, utando juu yake hauvimbi, mwisho unapasuka vipande vidogo vidogo. Ni uzee wa kawaida. Shida ni kwamba nyufa hizo sasa ni njia: maji, sabuni na mafuta ya mwili hupita na kukaa ndani. Ndipo yanatokea yale madoa ya kahawia.

Ufa wa mwili ni jambo jingine. Weka chombo juu ya kiganja au kitambaa na ukigonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti fupi, kavu. Jifunze sauti hizo mbili na hutahitaji kumwamini muuzaji yeyote.

Madoa ya kahawia nitayaondoaje? Jiki inafaa?

Usitie jiki. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo. Beseni langu la pili lilikuwa na doa kubwa katikati, aliyeniuzia akanishauri nililoweke kwenye jiki usiku kucha. Asubuhi lilikuwa jeupe, nikafurahi. Baada ya majuma machache ukaanza kutoka unga mweupe kwenye nyufa, kisha vipande vya utando vikaanza kubanduka kama magamba ya samaki, na maua yakaondoka navyo. Jiki hubaki ndani ya udongo, chumvi zake hukauka na kugeuka fuwele, na fuwele zikikua husukuma utando kutoka ndani. Beseni lile halikupona.

Fanya hivi. Anza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, sponji laini, na taulo chini ya chombo ndani ya sinki. Suuza sana. Kwa doa la ndani, weka pamba zilizolowa maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri na pasi, funika kwa plastiki, badilisha kila siku. Pamba itaanza kuwa ya manjano: uchafu unatoka. Inaweza kuchukua majuma. Mafundi wa makumbusho hutumia pia haidrojeni peroksaidi isiyo kali kwa namna hiyo hiyo ya pamba, lakini kama chombo kina dhahabu, kimewahi kuunganishwa kwa gundi au utando wake umeanza kubanduka, mwachie fundi. Siki na ndimu zisiguse utando wa zamani, asidi huula. Mashine ya kuoshea vyombo, kamwe.

Baada ya kuosha, acha likauke siku kadhaa kabla ya kulirudisha mahali pake. Juu panakauka kwa saa moja, ndani hapakauki hivyo.

Doa likikataa, liache. Liliingia kwa sababu mtu alinawa hapo.

Kuna vipande vya waya vimeshona ufa. Nivitoe?

Usithubutu. Zamani kulikuwa na mafundi waliozunguka mitaa na vijiji vya Ufaransa wakiunganisha vyombo vilivyovunjika. Walitoboa matundu madogo yasiyofika upande wa pili, wakapitisha vikwasi vya chuma au shaba kushika pande mbili za ufa. Waliifanya kazi hiyo bila umeme, mlangoni pa nyumba ya mtu. Vikwasi hivyo vinaonyesha kwamba beseni lilipendwa kiasi cha kulipiwa dawa. Ukivitoa, vipande huachana na matundu hubaki. Kama ni vya chuma na vina kutu, weka mbali na maji, basi.

Ukarabati uliofichwa ndio wa kuogopa. Rangi mpya iliyopakwa juu ya mpasuko huwa na joto kidogo ukiigusa kwa mdomo, wakati utando wa kioo ni baridi. Taa ya miali ya zambarau, ile ya kukagulia noti, huionyesha kwa rangi tofauti.

Pwani yetu walikuwa na kitu kama hiki?

Birika na tasa. Kabla ya kula, kijana wa nyumba hupita kwa wageni, anamimina maji kwa birika, mikono inaoshwa hewani na maji yanaangukia kwenye tasa. Kwa mbali ni jozi ile ile, lakini tazama midomo yake. Birika lina mdomo mwembamba, kwa sababu maji yanatiririka juu ya mikono na yaliyokwisha kunawiwa hayaguswi tena. Jagi la Kifaransa la karne ya 19 lina mdomo mpana, linajaza beseni kwa mara moja, na mtu anachovya mikono ndani. Yale majagi madogo ya Kifaransa ya kumiminia mezani ndiyo yanayokaribiana zaidi na birika letu.

Inauzwa shilingi ngapi?

Sitataja bei, hubadilika kwa mji na kwa msimu. Seti za viwandani za miaka ya 1880 hadi 1930 zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo si adimu, na soko la Jumapili la kijijini huwa na bei ya chini sana kuliko duka la Paris. Kinachopandisha bei ni uzima, ukamilifu wa vipande na mchoro usio wa kawaida. Fayansi ya karne ya 18 iko kwenye soko lake peke yake, na huko usiingie bila mtu anayejua.

Kwa nini ziliachwa?

Bomba lilifika. Mijini lilianza mapema, vijijini lilichelewa sana: sensa ya Ufaransa ya mwaka 1954 ilikuta nyumba zenye maji ya bomba ndani ni zaidi ya nusu kidogo tu, na zenye bafu au manyunyu ni karibu moja kati ya kumi. Maana yake wapo Wafaransa walio hai leo walionawishwa na mama zao kwenye beseni la namna hii. Waulize, watakueleza habari za asubuhi za baridi ambapo maji yaliganda ndani ya jagi.

Nitaisafirishaje hadi nyumbani?

Usiweke jagi ndani ya beseni, ingawa ndivyo vinavyokaa mezani. Njiani vitagongana. Kila kimoja kiwe na boksi lake. Jaza tumbo la jagi kwa karatasi laini bila kushindilia, zungushia mkono wake nguo hadi uwe sawa na tumbo, na usiache nafasi ya kutikisika. Beseni lisafiri limesimama kwa ukingo, kama sahani kwenye kabati, si kulala. Na usiliinue jagi kwa mkono wake hata likiwa tupu. Shika tumbo, kiganja kingine chini ya kitako.

Naweza kuitumia, au ni ya kutazama tu?

Usinywee wala usiweke chakula. Utando wa vyombo hivi mara nyingi una madini ya risasi, na maji ya matunda au siki huyatoa. Maua ya kukata yakae kwenye gilasi iliyowekwa ndani ya jagi, maana maji yakilala siku nyingi hupenya kwenye nyufa.

Kunawa unaweza, kama ni zima na linalia vizuri ukiligonga. Maji yawe ya uvuguvugu, kamwe yasiwe ya kuchemka, na jagi lijazwe nusu tu. Kwenye jengo letu maji hukatwa mara chache kwa ajili ya matengenezo, na siku hizo mimi hulitumia la kwangu. Nalaza kitambaa juu ya marumaru, namimina taratibu, na beseni hutoa sauti nzito mwanzoni, kisha nyembamba kadiri maji yanavyopanda kuelekea kwenye maua. Nikimaliza nalimwaga mara moja, nalifuta, nalilaza kifudifudi kwenye taulo hadi kesho yake.